Kichuguu cha Mtandao

Kabla ya mnara tulikuwa na kichuguu,
kile cha nyuma ya ghala la tumbaku,
kirefu kumpita Msimbila akisimama juu ya ndoo.
Ukikipanda, ukanyoosha mkono upande wa Sikonge,
ukabana pumzi, simu ilikamata vijiti viwili.
Siku ya baraka, vitatu.

Pale hapakuwa na siri.
Kalunde alipewa talaka yake pale juu,
nasi tuliokuwa kwenye foleni tukaisikia yote,
maana spika ya kitochi ni debe.
Hakuteremka peke yake.
Nyanzobe alishika mkono huu, mimi huu,
tukamfikisha kwake, tukamsongea ugali.
Hakuula. Tukaula sisi, tukalala hapo.

Mtandao wa siku zile ulikuwa wa sauti na ujumbe, basi.
Kuandika "tumefika salama" ni kazi ya kidole gumba
kubonyeza kitufe kimoja mara tatu.
Lakini chaji ilikaa! Mume wangu aliingia porini kurina,
siku sita kwenye mizinga ya magome,
akarudi na nusu ya betri, kitochi kinanuka moshi.

Mwaka jana masika yalipokatika
wakaja mafundi wa kofia za njano,
wakazungusha seng'enge, wakasimika chuma.
"Fojii imefika!" vijana wakapiga kelele.
Mimi nikadhani ni jina la mhandisi.

Sitasema uongo, nimekula matunda yake.
Mnunuzi wa asali kila mwaka alituambia bei imeshuka,
imeshuka tu, kama ndoo kisimani.
Safari hii nikaipiga picha asali yangu,
nikaituma kwa warina wenzangu wa Tabora mjini.
Dakika mbili: "Mama, usikubali hiyo."
Nikamwonyesha kioo. Akakohoa. Akaongeza.

Na mjukuu wangu wa Mpanda nilimwona
akipiga miayo, meno mawili chini,
kabla sijawahi kumbeba.
Kisha akaganda, mdomo wazi.
Bando limekwisha.

Maziwa yakilala huwa mgando.
Bando likilala huwa hewa.
Nalo lisimu lenyewe lina njaa ya mtoto wa kambo:
lishibishe asubuhi kwa Lushinge mwenye sola,
jioni limezimia.
Mume wangu amebaki na kitochi chake.
Anasema nyuki hawana haja ya kumwona uso.

Sasa Ngulu, mwanangu.
Alikopa humo humo simuni, bila mdhamini, bila kutoka kitandani,
akaweka kwenye mkeka.
Mkeka, nikajua wa kulalia.
Ukachanika Jumamosi kwa bao la dakika za mwisho,
na Jumatano wakopeshaji wakaanza kuwaandikia
wote waliomo kwenye simu yake:
katekista, mama mkwe, yule mnunuzi wa asali,
"Mjulishe mtu wako, ni mdaiwa sugu."
Watu mia na arobaini walisoma.
Nilikaa mlangoni hadi giza.
Hakuna aliyebisha hodi.

Nikakumbuka ugali wa Kalunde.

Simlaumu chuma. Chuma hakina mkono.
Na bei ya asali sitairudisha.
Ila juzi dizeli iliisha, mnara ukalala siku mbili,
nikajikuta nimevaa kandambili, naelekea nyuma ya ghala.
Nyanzobe alikuwa ameshafika, kakaa chini,
hana hata simu.
"Unatafuta mtandao?"
"Natafuta wa foleni," akasema,
akanipa tobolwa.
Tukatafuna. Halikuwa tamu sana.
Ngulu akatokea njiani, akasita, akaja, akakaa.
Nyuma yetu mchwa walikuwa kazini:
tangu tulipokiacha
kimepanda kiganja kizima.